Kupatwa kwa Mwezi, Kubatizwa kwa Mzee

Nilisikia habari za kupatwa kwa mwezi kwenye redio ya agroveti yangu, duka la dawa za mifugo, nikimpimia mteja dawa ya kupe. Mtangazaji alisema kwamba Jumapili hiyo ya Septemba mwezi wote ungeingia ndani ya kivuli cha dunia, na kwamba sisi wa Kenya tungeuona vizuri, mradi tutoke nje tuangalie juu. Ungeanza saa moja na nusu jioni, na kufikia saa mbili na nusu ungekuwa mwekundu. Nilisimama na kipimo mkononi. Mteja alisubiri kwa adabu, kisha akaniuliza kama dawa imeisha.

"Haijaisha," nikamwambia. "Ni mwezi."

Akanitazama kama mtu anayefikiria kutafuta agroveti nyingine.

Ni lazima nieleze kwa nini mwanamke mzima, mwenye duka na ng'ombe na watoto walioko shule za bweni, alisisimka hivyo. Nilipokuwa mdogo, nyumbani kwetu upande wa Kedowa, baba yangu alisikia kwamba mwezi ungepatwa usiku, akaahidi kutuamsha. Hakutuamsha. Asubuhi tulimkuta akinywa chai, akatueleza kwa raha zake jinsi ulivyokuwa mwekundu na jinsi mbwa wa kijiji kizima walivyonyamaza. Tulipoanza kulia akasema mama ndiye aliyekataa, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya shule. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaolewa huku Bomet, ukaja mwingine. Nikakaa nje nimejifunga blanketi, nikaangalia mawingu ya huku kwetu, ambayo hayana haraka na mtu, mpaka nikapata homa. Kwa hiyo mimi na huo mwezi tulikuwa na maneno.

Jioni hiyo niliporudi nyumbani nilimpitia kwanza mama mkwe wangu. Anaishi kwenye nyumba yake ndogo hapo hapo bomani. Watoto wangu humwita Gogo, yaani bibi, na siku hizi hata watu wazima humwita hivyo. Nikamwambia habari za mwezi, nikitarajia ashangae.

"Nimewahi kuuona ukiwa hivyo," akasema, akiendelea kukung'uta maharagwe. "Nilikuwa msichana. Nilikuwa nimetoka nje kukojoa."

"Mama! Ulikuwaje?"

"Ulikuwa mwekundu."

"Halafu?"

"Halafu nikarudi kulala."

Nikaona hapo sitapata msaada. Mume wangu naye, nilipomwambia, aliuliza kama ni mwezi ule ule tulionao kila siku au ni mwingine. Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Ana chai yake, ng'ombe wake, na msimamo mmoja unaojulikana mpaka ng'ambo ya mto: hajabatizwa. Mama yake ni nguzo ya kanisa letu, na amemwombea mwanawe huyo tangu alipoota ndevu za kwanza. Mume wangu huja kanisani siku ya Krismasi na siku za harambee, na hata hapo husimama nje karibu na dirisha, akiongea na wanaume wenzake habari za maziwa. Ukimuuliza, atakwambia hana ugomvi wowote na Mungu. Ugomvi wake ni na ule mto. Kanisa letu hubatiza kwa kuzamisha mtu mzima mzima, na mto wetu hutoka msituni na maji baridi ambayo hata ng'ombe huyaonja kwanza kabla ya kuamua.

Alhamisi ilinyesha mvua kubwa. Nilikuwa dukani, na mabati yalikuwa yakipiga kelele kiasi kwamba redio niliizima. Akaingia kiongozi wa kwaya yetu, mama mnene mchangamfu ambaye hata akikusalimu ni kama anaanzisha wimbo. Alitaka dawa ya kuku, lakini aliyotaka ilikuwa imeisha, nikamwambia itafika Jumamosi.

"Basi nitapitia Jumapili jioni!" akapaza sauti.

"Jumapili jioni sitafungua!" nami nikapaza yangu. "Nyumbani kuna kupatwa kwa mwezi!"

Akaweka mkono sikioni. Nikarudia. Akapiga makofi mara moja, akaegemea juu ya kaunta akanikumbatia, pamoja na makopo ya dawa yaliyokuwa kati yetu.

"Hatimaye!" akasema.

Nikaguswa sana. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo kumpata mtu wa kufurahi naye.

"Hatimaye," nikamwambia. "Nimengoja miaka."

"Sisi wote tumengoja! Na Gogo je, anajua?"

"Nilimwambia. Hakusema mengi."

"Aseme nini? Amejaa furaha tu." Akajifunika kichwa na karatasi ya nailoni, akatoka mbio kwenye mvua kama mtu aliyetumwa.

Jumamosi jioni nilibeba kiti cha plastiki mpaka nyuma ya zizi. Nyumba yetu iko kwenye mteremko. Ukikaa hapo unaona chai yetu ikishuka mpaka mtoni, ng'ambo yake mashamba ya kampuni ya chai yaliyonyolewa sawasawa kama kichwa cha askari, na juu ya hayo, upande wa mashariki, mikaratusi ya jirani. Nilitaka kujua mwezi ungetokea wapi hasa. Mume wangu alikuwa akirudi kutoka kupeleka majani ya chai kituoni, akanikuta nimeketi peke yangu nikikodolea miti macho.

"Mama watoto, unangoja nani?"

"Nangoja mwezi."

"Kwani mliagana?"

"Ni kesho. Leo napima tu mahali atakapotokea." Siku hizo nilikuwa nimeanza kuuita mwezi "yeye", kama mgeni wa heshima.

Akasimama nyuma ya kiti changu. Tulikaa hivyo mpaka mwezi ukachomoza, umekaribia kujaa, ukapanda kidogo, kisha ukajificha wote nyuma ya tawi la mti wetu wa avokado. Nikasema ah. Asubuhi nilipotoka kwenda kuwasha moto nilikuta tawi lile limekatwa, limepasuliwa, na kupangwa kando ya jiko kama kuni. Huyo ndiye niliyeolewa naye.

Kanisani siku hiyo watu walinichangamkia kupita kawaida. Mama mmoja alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema kweli nimevumilia. Mwingine alinitazama tu huku macho yakimjaa machozi. Nikajilaumu moyoni. Kumbe majirani zangu walikuwa wanapenda mambo ya anga miaka yote hii, ni vile tu hawakuwa wamepata mtu wa kuongea naye!

Baada ya ibada, mzee wa kanisa akaniita kando. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye sauti nzito na udhaifu mmoja tu: akianza kuomba, hajui pa kutokea. Akikaribishwa kuombea chakula, wenyeji hurudisha vifuniko kwenye sufuria.

"Mama, tumesikia," akasema. "Tutakuja kushuhudia."

"Karibuni sana. Nafasi iko ya kutosha. Mimi naogopa mvua tu."

"Hata ikinyesha. Maji ni maji."

Hilo sikulielewa, lakini mzee wetu husema mengi ambayo mtu huyaelewa akishafika nyumbani.

"Na ni saa ngapi?" akauliza.

"Saa moja na nusu anaanza kuingia. Pole pole, kwa upande mmoja. Saa mbili na nusu atakuwa ndani mzima mzima."

"Saa nzima kuingia?"

"Ndivyo walivyosema kwa redio."

"Kwa redio!" Akavua kofia. "Wametangaza mpaka kwa redio?"

"Wiki yote. Halafu akishaingia, anakaa huko ndani zaidi ya saa moja, anakuwa mwekundu kabisa."

"Maskini," akasema mzee kwa sauti ndogo.

"Halafu anatoka mweupe."

"Mweupe! Ameni." Lakini uso wake haukuwa na raha. Alizungusha kofia mikononi. "Lakini zaidi ya saa moja, mama. Tutaona vile tutapunguza."

Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Mchana ule ukanyesha mvua ya mawe. Ilipiga mabati, ikapiga chai, ikapiga sukuma wiki yangu ikawa kama kitu kilichotafunwa. Nilikaa jikoni nikiyapa mawingu maneno makali. Kabla ya jua kuzama mvua ilikatika, ikaacha ukungu mtoni na anga nzito ya rangi ya jivu. Nikapika chai, nikaijaza kwenye thamosi, nikachemsha mahindi ya watu watatu. Niliketi nikahesabu kwamba nina kila kitu isipokuwa anga.

Ndipo nikasikia harufu ya kuku. Nikaenda nyumbani kwa Gogo. Alikuwa amevaa gauni lake la buluu la ibada kuu na kitambaa cheupe kichwani, na juu ya moto kulikuwa na sufuria kubwa. Alikuwa amemchinja jogoo, yule mwekundu ambaye hakuwahi kukubali achinjiwe mgeni yeyote.

"Mama, hata jogoo?"

"Siku kama hii? Ningekuwa na fahali ningemchinja fahali." Akajipangusa macho kwa ukingo wa leso. Nikafikiri ni moshi. Nikafikiri pia: na huyu ndiye aliyeuona akarudi kulala!

Giza lilipoanza kuingia nikasikia wimbo. Ulianzia chini njiani, sauti za wanawake kwanza, kisha za wanaume, na kati ya michongoma ya ua nikaona mwanga wa simu nyingi ukipanda mlima. Nilitoka mpaka langoni. Ilikuwa kwaya nzima, na nyuma ya kwaya kundi la waumini wamevaa gambuti na sweta nzito, wamebeba vyombo vilivyofunikwa. Nyuma yao ilikuja bodaboda ikiteleza kwenye matope, na juu ya bodaboda lilikuwa limefungwa lile pipa kubwa la buluu ambalo kanisa letu hulitumia mto ukifurika. Nililitazama pipa lile. Nakumbuka nilijaribu kwa haki kabisa kulipatia kazi yoyote inayohusiana na mwezi.

Mume wangu akatokea zizini na ndoo ya maziwa, sweta limetoboka kiwikoni, soksi moja ndani ya gambuti na nyingine juu. Walipomwona, wimbo ukapanda, kina mama wakapiga vigelegele. Mzee wa kanisa akamwendea, akamkumbatia na ndoo yake.

"Ndugu yangu! Leo ni leo. Uko tayari?"

"Tayari kwa nini?"

"Usiogope. Maji tutayapasha moto."

Mume wangu akawatazama watu. Akalitazama pipa. Akatazama taulo jipya la manjano ambalo kiongozi wa kwaya alikuwa amelikunja vizuri mikononi. Mwisho akanitazama mimi.

"Mama watoto," akasema pole pole, "hawa wamekuja kuona mwezi?"

"Mwezi gani?" akauliza mzee.

"Mwezi!" nikasema. "Kupatwa kwa mwezi! Si ndicho mlichokuja kuona?"

"Lakini wewe ulisema kubatizwa kwa mzee," akasema kiongozi wa kwaya.

"Nilisema kupatwa kwa mwezi!"

"Kubatizwa kwa mzee!"

Tulijibizana hivyo mara kadhaa mbele ya watu wote, na kadiri tulivyorudia ndivyo maneno yalivyozidi kufanana. Sisi Wakipsigis, *p* na *b* kwetu ni ndugu wa tumbo moja, na mtu haulizwi amemtuma yupi. Ongeza mvua juu ya mabati, ongeza kwamba kila mwanamke huku humwita mume wake mzee, na ongeza kanisa zima lililokuwa likingoja habari hiyo moja kwa miaka mingi. Neno lilikuwa limefika dukani likiwa mwezi, likatoka likiwa mume wangu.

Mzee wa kanisa alikuwa bado anafikiri.

"Kwa hiyo yule wa kuingia saa nzima..."

"Ni mwezi."

"Na yule wa kukaa ndani mpaka awe mwekundu..."

"Ni mwezi, mzee wangu."

"Afadhali," akasema, akajifuta uso kwa kofia. "Nimekosa amani mchana kutwa."

Mtu mmoja akaanza kucheka nyuma, akajaribu kujizuia, ikashindikana, na kicheko kikatembea mstari mzima mpaka kwa mwenye bodaboda. Nami nilicheka mpaka nikashika nguzo ya lango. Halafu nikamwona Gogo. Alikuwa amesimama mlangoni pake na gauni lake la buluu, mwiko mkononi, na hakuwa anacheka. Alikuwa amesikia. Kicheko kikanikauka mdomoni. Nilielewa sasa ule moshi wa jikoni ulikuwa nini, na jogoo alikuwa wa nani.

Mume wangu akaweka ndoo chini. Akavuka uwanja na gambuti zake zenye matope, akasimama mbele ya mama yake.

"Mama, si leo," akasema.

"Nimesikia kwamba si leo."

"Umekasirika?"

Gogo alimtazama sweta, akamtazama soksi. "Na ungebatizwa hivyo?" akauliza. "Na hiyo soksi?"

"Wageni wamepanda mlima, Mama. Tuwarudishe na njaa?"

Gogo akafungua kitambaa chake kichwani, akakifunga upya, akikaza. "Hakuna atakayerudi na njaa," akasema. "Jogoo ameshakufa."

Mume wangu akageuka kwa watu. Sijawahi kumsikia akihutubia mkutano, na nadhani hata yeye alishangaa. "Karibuni mkae," akasema. "Mimi sijafika huko. Lakini mwezi amesema yeye yuko tayari."

Basi wakakaa. Tulitoa viti vyote, benchi la jikoni, magunia, na pipa tukaligeuza chini juu likawa kiti cha mzee wa kanisa. Tuliwapanga nyuma ya zizi wakiangalia mashariki, kama kanisa ambalo mhubiri wake amechelewa. Waliniomba niwaeleze jambo lenyewe, nami nikaeleza kwa tochi, kifuniko cha sufuria, na kichwa cha mume wangu kikiwa dunia. Dunia ilitakiwa kusimama wima na ilikuwa ikicheka. Wengine walielewa. Mama mmoja aliuliza kama dunia yenyewe inajua kwamba inamzuilia mwenzake mwanga.

Ila mwezi wenyewe haukuwepo. Palipokuwa na mikaratusi tuliona giza la mikaratusi, na juu yake wingu moja lisilo na mwanzo wala mwisho. Saa ya kuanza ikapita. Watu wakavumilia, wakaimba nyimbo mbili, wakanywa chai ya thamosi yangu kwa zamu ya nusu kikombe. Saa ya mwezi mwekundu ikafika, wingu likabaki vile vile.

"Ameogopa maji," akasema mwenye bodaboda, na watu wakacheka tena, lakini kwa baridi.

Nilikuwa najisikia vibaya. Nilikuwa nimewapandisha watu mlimani kwa ubatizo usiokuwepo, na sasa hata badala yake haikuwepo. Mume wangu akaninong'oneza tuwape chakula. Tukatoa jogoo, ugali, mboga, na vyote walivyobeba wenyewe, chapati na ndengu na maziwa ya mursik, yaliyogandishwa kwenye kibuyu chake. Watu wakasimama kwa mduara na sahani mikononi. Gogo akamwomba mzee wa kanisa aombe. Niliona mikono kadhaa ikirudisha vifuniko.

Mzee akaanza na shukrani za mvua. Akaingia kwenye chai, bei yake na wanaoichuma. Akawaombea watoto walioko shule, mmoja mmoja kwa madarasa. Akamwombea mume wangu, kwa urefu na kwa mapenzi, mpaka nikamsikia mume wangu akibadilisha mguu. Kisha akavuka mipaka ya kaunti.

Mimi tangu nizae huomba na jicho moja wazi, ni mazoea ya kuwalinda watoto wasianguke kwenye moto. Jicho langu hilo liliona kwamba ukingo wa mabati ya zizi ulikuwa na mstari wa mwanga hafifu ambao haukuwepo kabla. Nikainua uso. Wingu lilikuwa limepasuka. Juu ya mikaratusi, juu kuliko nilivyofikiri, palikuwa na shimo jeusi lenye nyota, na katikati ya shimo mwezi ulikuwa unaning'inia, mviringo, mwekundu wa udongo, kama kitu ambacho ungeweza kukichuma.

Sikujua la kufanya. Ukingo wa wingu jingine ulikuwa ukija. Kumkatiza mtu anapoomba, na hasa mzee wa kanisa, na hasa baada ya yote niliyomfanyia wiki hiyo, haikuwezekana. Nikatazama mduara. Vichwa vyote vilikuwa vimeinama. Mume wangu alikuwa anaangalia juu, lakini yeye huangalia juu kila wakati wa maombi. Na kando yake nilimwona Gogo, ambaye katika miaka yote ya kumjua sijawahi kumwona akifumbua jicho kabla ya mwisho wa sala. Macho yake yalikuwa wazi yote mawili. Alikuwa ameinua kidevu, na midomo yake ilikuwa inatabasamu.

"Na pia tunayakumbuka mataifa ya mbali," mzee alikuwa akisema, "yale tunayoyajua na yale..."

"Ameni!" akasema Gogo.

Alilisema kwa sauti yake ya kuongoza ibada. Kanisa zima likaitika, "Ameni!" bila kufikiri, na kufumbua macho.

Mzee akabaki na mkono hewani, mataifa yamemkatikia. "Sikuwa nimema..." akaanza. Halafu na yeye akaona. "Eeh," akasema, akakaa juu ya pipa lake.

Hakuna aliyegusa chakula. Sikumbuki nani alizima simu yake kwanza, lakini taa zilizimika moja moja mpaka tukabaki na moto wa jikoni kwa mbali. Kwaya haikuimba. Mtu mmoja alikuwa akipumua kwa pua kama mwenye mafua, ikawa ni mimi. Mwezi ulikuwa umeiva. Ulionekana wa duara kweli, si kama sahani bali kama chungwa, kitu chenye nyuma na mbele, na nilitamani baba yangu angekuwa hai nimwambie kwamba alieleza vibaya.

Gogo na mwanawe walikuwa wamekaa benchi moja. Nilikuwa nyuma yao, kwa hiyo nilisikia.

"Yule jogoo alikuwa wa ubatizo wako," akasema Gogo, macho bado juu.

"Nimeonja paja jikoni," akasema mume wangu. "Basi tumbo limeshabatizwa."

Mama yake akampiga kofi begani, kofi la kweli, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kitambaa kikaanguka shingoni. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo juu ya jambo hilo. Alikuwa amelililia miaka mingi.

Wingu likarudi, likaondoka, likarudi. Tulikula kwa vipande, tukitazama katikati ya matonge. Kabla watu hawajatawanyika mwezi ulitoa ukingo mweupe upande mmoja, mwembamba kama ukucha, na mzee wa kanisa akasimama akauonyesha kwa kidole.

"Anatoka!" akasema. "Mama, anatoka mweupe, kama ulivyosema!" Ungedhani yeye ndiye aliyemwingiza.

Walishuka mlima wakiimba. Kiongozi wa kwaya aliniachia lile taulo la manjano, akasema kurudi nalo ni mkosi, na tusilitumie kwa vyombo. Mume wangu alibeba viti. Mimi nikamsindikiza Gogo mpaka mlangoni, kwa sababu nyasi zilikuwa zinateleza.

"Mwingine ni lini?" akaniuliza.

Nilikuwa nimesoma kwa simu. "Wa mzima namna hii, ambao tutauona kutoka hapa, ni mpaka miaka mitatu hivi. Jioni ya kufunga mwaka."

"Kufunga mwaka tutakuwa kanisani kwa kesha."

"Ndiyo, Mama."

"Na ni mzee yule atakayeomba."

"Huenda."

Akafikiri, mkono mmoja kwenye kitasa. "Siku hiyo," akasema, "mimi nitakaa nje karibu na dirisha, na wanaume."

Akaingia, akafunga mlango. Nilimsikia ndani akisukuma sufuria, akijisemea kitu kwa Kipsigis, akicheka tena peke yake. Nikarudi kumsaidia mume wangu na benchi la jikoni, ambalo ni zito na linahitaji watu wawili.